Bamvua Moja kwa Mwaka

Kondakta aliigeuzageuza fimbo yangu kama anayekagua mkongojo wa mgonjwa, kisha akauliza, "Bosi, hii ni antena?"

Nikamwambia ni ya kuvulia samaki. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, stendi ya Nanenane, Dodoma, mwanzoni mwa Juni, baridi ya kipupwe ikipekua makoti ya watu. Mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya begi lake alinitazama kwa huruma. "Samaki wa Dodoma, mwanangu, wanavuliwa Majengo," akasema. Majengo ni soko.

Nimezoea. Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, ikahamia kwelikweli kuanzia 2016, na sisi wa pwani tulioletwa na uhamisho huo kila mmoja ana malalamiko yake. Kuna wa vumbi, kuna wa midomo kupasuka, kuna wa bei ya nazi. Langu lilikuwa moja tu: huku hakuna mwamba wa changu.

Nilikulia Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kuvua changu kwa mshipi mwembamba, juu ya mwamba ambao bahari ikipwa unauona wote kutoka kwenye ngalawa, matumbawe yake na samaki wake, kama mtu anayechungulia uani kutoka darini. Ni maji ya pima mbili, tatu. Hapo mshipi mnene hauna kazi. Changu anauona, na chubwi zito linanasa kwenye matumbawe kabla hujamaliza kulishusha. Mjomba alitumia kipande cha risasi kisichozidi punje ya hindi, ngisi kidogo kwenye ndoana, na mshipi akaupitisha juu ya kidole cha shahada. Changu akidonoa, kidole ndicho kinachojua kwanza. Ukichelewa pumzi moja ameshaingia shimoni, ametanua mapezi, na mshipi umeota mizizi.

Kwa hiyo nilipopata barua ya uhamisho nilifungasha na vitu vyangu vya kuvulia, kwa ubishi tu. Nikaongeza fimbo nyepesi yenye kigurudumu cha kukunjia uzi, na uzi wa robo milimita ambao ukiubebesha kilo tano unakatika. Vikakaa juu ya kabati mwaka mzima.

Na hapa pana kichekesho. Jina lenyewe la mji huu mkavu limetokana na kuzama. Wagogo husema *idodomya*, kimedidimia. Tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, matope yakamshika miguu, akazama watu wakimtazama. Simulizi nyingine ni ya kihuni, nami naipenda zaidi. Watu wa hapa waliiba ng'ombe wa jirani zao wa kusini, wakawachinja, wakala, wakabakiza mikia. Wenye mali walipokuja kuulizia, wakaonyeshwa mikia imechomoza kwenye tope: poleni sana, ng'ombe wenu wamezama. Ukiifuata simulizi hiyo, makao makuu ya nchi yamepewa jina kutokana na kisingizio cha wezi. Lakini mimi nililisikia jina hilo kwa sikio la mvuvi. Penye kuzama pana maji, na penye kitu kilichozama samaki hakosi.

Nilianza na Hombolo, kilometa kama 40 kutoka mjini, bwawa la mwaka 1957, katikati ya nchi ya mizabibu. Ni mahali pazuri pa kukaa jioni na zabibu mkononi. Kwa uvuvi ninaoutaka mimi hapafai. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, chini ni tope tupu, na bingwa wa tope ni kambale, samaki mwenye uwezo wa kuvuta hewa kama wewe na mimi, ndiyo maana uwanda wenye kiangazi cha miezi saba haumtishi. Kambale ni mtamu. Ila kwenye mshipi mwembamba ni kama gunia lililokasirika: halina ujanja, lina uzito. Nilivua wawili, nikarudi nyumbani nikiwa na hamu ileile.

Ni jirani yangu wa Makulu aliyenitajia Mtera. "Kule kuna miti ndani ya maji," akasema, akaendelea kumwagilia mchicha wake. Hakujua alichonifanyia.

Barabara ya Iringa inatoka Dodoma kuelekea kusini kupitia Mpunguzi. Ni kipande cha ile njia ya zamani ambayo wakoloni waliichora kutoka Cape Town mpaka Cairo, na kabla lami haijakamilika miaka ya 2010 ilikuwa adhabu. Sasa ni safari ya asubuhi. Dodoma iko kwenye mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Unapita mashamba ya uwele na mtama yaliyokwisha kuvunwa, tembe chache za Wagogo zilizobaki, fupi, paa lake bapa limegeuzwa uchaga wa kuanikia nafaka, magunia ya mkaa yamesimama kando ya njia kama askari wanene. Mibuyu imekwisha pukutisha majani. Watu huiita nchi hii tupu. Mimi naona imevua nguo za kazi, inapumzika. Kwenye mwezi wa sita anga lake halina hata alama ya kidole, na mawe makubwa yaliyopandana kila upande yanakaa kwenye mwanga wa asubuhi kana kwamba yameletwa jana usiku. Kisha unafika Fufu, ardhi inakatika, basi linaanza kushuka likipiga kona, na joto linapanda kupitia sakafuni. Koti nililolivaa Nanenane nililivulia hapo. Mbele, chini kabisa, kulikuwa na mstari wa bati. Nilidhani ni paa la ghala. Ulipozidi kurefuka nikajua ni maji.

Bwawa la Mtera liko pale Mto Ruaha Mkuu unapokutana na Kizigo, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Ukuta wake ulijengwa miaka ya 1970 kuyahifadhi maji yanayokwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu huko chini, na mwaka 1988 Mtera yenyewe ikaanza kufua umeme, megawati 80. Likijaa hufunika kilometa za mraba zipatazo 600. Maji yalipopanda, yaliikuta nyika imesimama, yakaizamisha ilivyo. Miti yenye mbao laini ilioza ikaisha. Mbuyu hasa ukifa huwa makumbi matupu. Miti migumu, migunga na jamaa zake, haikwenda popote. Ipo mpaka leo, myeupe, mikavu, imetoa mikono juu ya maji, na kila mkono una mnandi aliyetandaza mabawa kuyaanika.

Nilisimama mwaloni nikiitazama, na moyo ukanidunda kwa namna niliyoifahamu. Ule ulikuwa mwamba. Ni wa mti badala ya matumbawe, lakini ni mwamba.

Aliyenipeleka alikuwa mzee wa Kigogo wa upande wa Mpwapwa, mwenye mtumbwi wa mbao na nyavu za makila ambazo huzitega jioni na kuzipandua alfajiri. Alinisalimu "Mbukwa," nikamjibu kwa Kigogo changu cha kuokoteza, akacheka mpaka akaegemea kasia. Fimbo aliichunguza kwa heshima zaidi ya kondakta. Alikizungusha kile kigurudumu mbele na nyuma, akasikiliza mlio wake.

"Hiki kinafanya nini ambacho mkono wako hauwezi?"

"Kinamwachia samaki akivuta sana, mzee, uzi usikatike."

"Kwa nini usinunue uzi mnene?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu la kumtosha mtu anayevua ili watoto wale. Nikasema nataka kumsikia samaki. Alinitazama kwa muda, akasema, "Basi twende ukamsikie."

Tulipoingia kati ya miti nikamuuliza, kwa mazoea ya pwani, bila kufikiri: "Mzee, maji hapa yanapwa saa ngapi?"

"Novemba," akajibu.

Alicheka yeye, nikacheka mimi, lakini jibu lile nimeishi nalo. Kigombe maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila mtoto anajua leo ni bamvua au maji mafu. Mtera ina bamvua moja kwa mwaka. Mvua zikinyesha kwenye milima ya kusini-magharibi, maji hukusanyika bonde la Usangu, hupita kwenye kinamasi cha Ihefu, hushuka na Ruaha mpaka hapa, na kufikia Mei au Juni bwawa limepanda kadiri mwaka ulivyojalia. Kisha mitambo inaanza kunywa. Kiwango cha juu ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, cha chini kabisa kinachoruhusiwa kufua umeme ni 690. Kati ya kujaa na kupwa ni mita nane na nusu, na wakati mmoja nchi nzima ilikuwa ikining'inia humo. Mwaka 2006 ukame ulipoyashusha maji ya Mtera, watu wa Dar es Salaam, ambao wengi wao hawajawahi kuliona bwawa hili, walikaa gizani kwa mgawo wa umeme. Kwetu pwani bahari huvutwa na mwezi. Mtera huvutwa na swichi za taa zetu.

Mzee aliufunga mtumbwi kwenye mti uliogawanyika juu matawi mawili kama pembe za ng'ombe, wenye tundu la ndege kwenye panda. Alipima kwa pondo: pima mbili na kitu, kama mita nne. Nilitoa kopo la minyoo niliyoichimba nyumbani chini ya bomba linalovuja, maana Dodoma ya Juni haina mnyoo mwingine popote. Vidole vikajaa udongo, na kwa mazoea yaleyale nikainama ninawe. Alinipiga kofi mkononi, si la utani.

"Mkono ndani, mwanangu. Hapa hatunawi."

Mtera ina mamba. Ina viboko pia. Tulikuwa tunawasikia upande wa magugu wakiguna kama wazee wanaozuiwa kuingia mkutanoni. Anayekwenda asiende peke yake, na asiende bila kupita kwa viongozi wa mwalo wamwambie wapi leo hapaendeki.

Niliushusha uzi ukigusa gome, bila chubwi, kielea kidogo chekundu juu. Perege ana tabia tofauti kabisa na changu. Changu ni mkabaji, akiamua ameamua. Perege ni mlaji wa ukoga. Siku nzima anakwangua utelezi wa kijani unaoota kwenye vigogo vilivyozama, na mnyoo kwake ni kitoweo cha kuonja. Kielea hakizami. Kinatetemeka, kinatulia, kinatetemeka tena, kisha kinaanza kutembea upande polepole, kama mtu anayeondoka kwenye kikao bila kuaga. Hapo ndipo unapovuta. Nilivuta mapema mara tatu, mzee akijifanya anatazama ndege.

Mara ya nne fimbo ilipinda. Uzi ukaanza kukata maji kuelekea kwenye shina, na mkono wangu wa Kigombe ukaamka wenyewe: kidole juu ya kigurudumu, fimbo chini, mvute pembeni kabla hajafika nyumbani. Perege akijua amenaswa hugeuza ubavu wake mpana na kuufanya ngao dhidi ya maji, kwa hiyo wa nusu kilo anavuta kama wa kilo mbili. Mzunguko mmoja tu wa tawi na amekwenda. Nikamzuia kwa urefu wa kiganja. Alipojilaza juu ya maji alikuwa dume, mweusi wa kuiva, ukingo wa mapezi yake mwekundu kama sigara inayowaka gizani.

"Umemsikia?" mzee akauliza.

Tulivua saba asubuhi ile, kwenye miti mitano. Wote madume, au majike wasiokuwa na kitu mdomoni, na hili si bahati. Jike la perege huyabeba mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga hukimbilia humohumo wakiona hatari. Siku zote hizo anafunga. Ndoana haimpati kwa sababu hali. Wavu haumuulizi mtu kama amefunga. Nilimwambia mzee hivyo, nikijiona nimesema jambo, akanijibu kwamba anajua, na kwamba mwanawe wa nne yuko kidato cha pili. Nikanyamaza. Naupenda mshipi mwembamba kwa moyo wote, lakini ni mapenzi ya mtu mwenye mshahara.

Saa nne upepo ulianza. Kiangazi cha uwanda huu upepo huamka jua likishapanda, na ziwa lililokuwa kioo linakuwa gunia. Kabla hatujafungua kamba nilijaribu tena mti wa pembe. Kielea hakikutetemeka. Kilitoweka. Fimbo iligonga ukingo wa mtumbwi, kigurudumu kikalia kama cherehani, na ubavu wa fedha wenye mistari myeusi ukaruka nje ya maji mara moja, mdomo wazi, meno nje. Kisha uzi ukalegea. Niliukunja, nikaukuta umekatwa safi kama kwa mkasi. Samaki yule hata akifumba mdomo meno hubaki yanaonekana. Wanaomfuata kwa makusudi hutanguliza kipande cha waya mbele ya ndoana. Mimi sikuwa na waya. Mzee akasema huyo nyavu zake anazijua vizuri, huzitoboa.

Nikafunga ndoana nyingine na kielea cha pili, mikono ikitetemeka, nikashusha palepale, ndani zaidi ya nilivyopaswa. Ikanasa kwenye mti. Nilivuta huku, nikavuta kule, nikazungusha mtumbwi, nikatukana kimoyomoyo. Mwisho nikakata uzi mwenyewe. Kielea kilizama kikifuata ndoana, kikabaki chini huko, doa jekundu kwenye maji ya kijani, mpaka mawimbi yakakifuta.

Kando ya barabara, karibu na bwawa, akina mama wanakaanga samaki kwenye makarai, na mabasi ya Iringa na Dodoma yakisimama wanakimbilia madirishani. Niliwapa perege wangu watatu wanikaangie, wanne nikamwachia mzee. Walichanjwa ubavuni, wakapakwa chumvi, wakatiwa kwenye mafuta yaliyokwisha kaanga wenzao wengi. Nikaletewa na ugali wa mtama na mlenda. Sasa niseme kweli, na watu wa Kigombe wanisamehe: kwenye mchuzi wa nazi changu hana mpinzani, lakini kwenye mafuta ya moto, ngozi ikilia chini ya jino, perege wa Mtera amemshinda. Mlenda na samaki wa kukaanga ni ndoa ambayo pwani hatukuwahi kuifikiria. Nilikula kwa mikono yote miwili, nikanawa kwenye ndoo, kwa uangalifu.

Nilirudi Novemba. Mvua zilikuwa bado, joto la Mtera limekaa juu ya kichwa kama mzigo, na kasuku wadogo wenye ukosi wa njano wanapigana kwenye mbuyu wa stendi. Mzee alikuwa kwenye kivuli anashona nyavu. "Nilikuambia," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Maji yalikuwa yameondoka. Kutoka pale mtumbwi ulipokuwa umefungwa mwezi wa sita nilitembea karibu nusu saa kabla sijauona ukingo mpya. Nilikanyaga tope lililopasuka vipande vya ukubwa wa sahani, makombe ya konokono, nyayo za kiboko zilizokauka zikawa mabeseni. Mahali pengine watu wamelima, mahindi yamefika magotini, juu ya udongo ambao miezi mitano iliyopita ulikuwa makao ya kambale. Ng'ombe walikuwa wanakula majani mabichi kati ya ile miti myeupe. Nikiwa katikati yao, na fimbo yangu begani, nilielewa kwamba nilikuwa natembea juu ya mwamba wakati wa kupwa kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, tukiokota chaza na kuangalia mashimo ya changu ili tuyajue maji yakirudi. Nikaanza kuyaangalia. Vigogo vilivyolala ambavyo sikujua vipo. Shimo la mto wa zamani, limepinda kama mkono. Kichuguu, bado kimesimama. Nilitoa daftari nikachora, na jua likinichoma shingo, furaha tupu.

Mti wa pembe niliutambua kwa tundu la ndege. Mstari wa maji ulibaki umechorwa kwenye shina, mweupe juu na kahawia chini, juu sana ya kichwa changu. Chini ya mstari huo, kwenye tawi ambalo nisingelifikia hata nikirukaruka, kulikuwa na kitu chekundu kinacheza na upepo.

Mvulana mchunga mbuzi aliniona nimeduwaa, akapanda bila kuombwa. Alishuka na kielea mdomoni, uzi shingoni, na ndoana mkononi, imeanza kutu. Aliigeuza, akaijaribu ncha yake kwa kidole gumba.

"Ni yako, mjomba?"

"Ni yangu."

"Uliirusha mpaka kule juu?"

"Hapana," nikasema. "Niliishusha."

Alitazama juu ya mti, hewani, pale nilipokuwa nimekaa mwezi wa sita. Kisha akaichomeka ndoana kwenye kofia yake, akawapigia mbuzi mluzi.